Miguu ya Eufrazia

Jamani, ndoto nazo zina uchokozi wake! Eufrazia, ambaye polio ilimlemaza miguu yote miwili tangu utotoni, kila akilala hujiona anakanyaga cherehani. Kitambaa kinatiririka mezani, kinatoka mlangoni, kinashika barabara ya Kilwa kuelekea kwao kusini, na miguu haichoki. Akiamka hutamani kulia.

Kushona alikujua hasa. Chuo cha ufundi pale Temeke kilimfundisha kwa cherehani cha mkono. Lakini ushirika wa Mbagala alikotaka kazi, uliokuwa ukishona sare za shule, ulikuwa na vyerehani vya miguu tu.

"Miguu ninayo mie," akasema jirani yake Kasiani, kijana asiyeona, ambaye vikapu vyake havikupata wanunuzi. "Sie tutashindwaje, dada?"

Wakajifunza kukaa benchi moja: Kasiani anakanyaga, Eufrazia anaongoza kitambaa. Siku ya kwanza kilipotiririka, Eufrazia alidhani bado amelala.

Bernadeta, mwenyekiti wa ushirika, akawapa jaribio chini ya bango la "Uhuru na Kazi": washone shati moja, likitoka safi wana kazi. Wakaenda vizuri mpaka mkono wa kushoto. Basi si ndiyo siku hiyo wari wanatolewa unyagoni! Ngoma zikapita dirishani. Mmakonde kama Kasiani asikie ngoma atulie? Thubutu! Miguu ya Kasiani ikaidaka sindimba, sindano ikaenda mbio, mshono ukaenda upogo.

"Kasiani, taratibu!"

"Si mie, dada, ni miguu!"

Bernadeta akaliinua shati. "Mkono huu umecheza ngoma."

Mafundi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Eufrazia, mikono yako naitaka. Kesho njoo, nitakutafutia mkanyagaji anayetulia. Huyu arudi kwenye vikapu vyake."

Kasiani akainuka polepole, akipapasa ukingo wa meza. Moyo ulimuuma Eufrazia. Kazi aliyoiota miaka yote ilikuwa mbele yake, aseme ndiyo tu. Akamshika Kasiani mkono, akamketisha.

"Nisamehe, Mama. Miguu yangu ndiyo hii. Mtu haendi kazini akaiacha miguu yake nyumbani."

Huko nje ngoma zilikuwa zinaishilia. Bernadeta akawatazama, akachukua wembe, akaufumua ule mkono, akaurudisha mezani kwao.

"Shoneni tena," akasema. "Na fungeni hilo dirisha."