Mgonjwa wa Mazoezi

Ukimwona binti yangu wodini utadhani anaringa. Anasimama kando ya kitanda, mikono ameifunga nyuma, wanafunzi wake ndio wanaohangaika na mgonjwa. Siku moja nilimwuliza, "We mwanangu, ndiyo uungwana huo? Watoto wa watu wanatoka jasho, wewe umesimama kama mgeni rasmi?"

Akacheka. "Mama, mikono yangu haina adabu. Nikiiacha mbele, inamnyang'anya mwanafunzi kazi kabla sijaikataza."

Ni mwalimu wa wauguzi. Chuo chao kimeegemea ukuta wa hospitali, na kazi yenyewe imemvimbisha miguu na kumkausha koo. Wanafunzi wamejaa mpaka wale wa nyuma wanamwona mgonjwa kwa kuchungulia makwapani mwa wenzao. Akirudi nyumbani anasahihisha madaftari mpaka anasinzia, kalamu inateleza na kumchorea mtoto wa watu mkia mrefu chini ya jibu sahihi.

Lakini toka naye sokoni uone. Hatufiki! Huku "Shikamoo Madam," kule "Madam, unanikumbuka?" Mwingine amebeba mwanawe mgongoni, anasema, "Madam, nikishika sindano mpaka leo nakusikia sikioni." Hapo binti yangu husahau miguu yake, akatembea kama msichana. Mshahara wake mwingine ndio huo, na huo hakuna anayeukata.

Basi, alikuwapo mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake walimwita Pole. Neno hilo halikumwisha mdomoni. Chuoni wana mtu wa plastiki wa kujifunzia, wamemwita Mzee. Wengine wanamchoma sindano huku wanapiga soga, Pole anamwinamia: "Pole Mzee, kidogo tu, tunamaliza." Darasa zima linaanguka kwa kicheko.

"Mwambie basi na kiti pole, umekikalia!"

Naye anacheka nao. Wagonjwa wa kweli hawakucheka. Akiingia wodini, waliogeukia ukuta tangu asubuhi waligeuka.

Tatizo lake lilikuwa mtihani. Kwenye karatasi alikuwa wa juu kabisa, ila mtihani wa vitendo, mbele ya mtahini, mikono ilimtetemeka mpaka vyombo vikapiga ngoma kwenye trei. Akaanguka. Na chuo kina sheria: mtihani huo wa mwisho unarudiwa mara moja tu. Ukianguka tena unafunga sanduku lako, huwi muuguzi, yamekwisha.

"Bibi," aliniambia baadaye, "watu wananiuliza nikikosa nitafanya nini. Mimi sijui kutaka kitu kingine."

Binti yangu akamleta nyumbani. Akaniambia, "Mama, Mzee wa plastiki hamtazami mtu usoni. Huyu anaogopa macho. Nikopeshe macho yako."

Ndivyo nilivyokuwa mgonjwa wa mazoezi. Nalazwa kwenye kitanda changu mwenyewe, nafunikwa shuka, nafungwa bandeji kwenye mguu usio na kidonda, nadungwa sindano isiyo na ncha. Nami kazi yangu ni kumkodolea macho kama askari wa zamu. Mwanzoni mikono ilimtetemeka hata kwangu, nikaona nisipomchekesha tutazeeka wote wawili pale kitandani.

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Ana mkono mmoja tu wa kitambaa. Ananikumbatia mpaka nakosa damu, kisha ananiachia, anapumua yeye."

"Mashine ya presha!"

"Haya, kingine. Natandikwa kila asubuhi, na sijamkosea mtu."

Akawaza, huku mikono inazungusha bandeji yenyewe bila kumngoja. "Sijui, Bibi."

"Nipe mji."

"Chukua hosteli yetu yote, na kunguni wake."

"Kunguni baki nao! Ni kitanda, mjukuu wangu. Na wewe umemaliza kufunga bandeji, angalia."

Akatazama mikono yake kama amekabidhiwa ya mtu mwingine.

Sasa kuna jambo moja la kazi yao lazima nilieleze, maana yote yamelala hapo. Muuguzi kabla ya kumpa mgonjwa dawa yoyote anamwuliza, "Jina lako nani?" Kisha anasoma ule utepe wa plastiki aliofungwa mkononi, analinganisha na faili. Hata kama amemuuguza mwezi mzima. Wodi ina vitanda vingi na uchovu mwingi, na dawa ya mama huyu ni sumu ya jirani yake. Hatua hiyo ndiyo mama wa hatua zote. Ukiiruka, hata ukifanya mengine kama malaika, umeanguka.

Pole aliijua hiyo kuliko mimi. Siku za mwanzo aliuliza kila mara. Nami mdomo wangu ulivyo! "Jina langu Malkia wa Jikoni." Kesho yake, "Jina langu Bibi Arusi, mume yuko njiani." Anacheka mpaka anakaa chini, sindano imemlala mapajani. Binti yangu anapaza sauti kutoka jikoni anakoosha vyombo, "Jina, jina! Msinichezee na jina!" Siku zikaenda. Pole akawa anaingia tu: "Shikamoo Bibi, pole Bibi," na moja kwa moja kazini. Na kweli, nani anamwuliza bibi yake jina? Binti yangu naye, akiona ile mikono imetulia kama maji ya mtungini, alifurahi mpaka sauti ya jikoni ikapungua, kisha ikanyamaza.

Halafu sukari yangu ikapanda, na kidonda kikanitoka mguuni, cha kweli safari hii. Nikalazwa.

Niwaambie, pale wodini nilishangaa. Kila aliyenishika alikuwa ametoka mikononi mwa binti yangu. Huyu ananigeuza kama binti yangu anavyogeuza, yule ananiwekea mto kama yeye, mpaka ile ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo gumu, nayo wamejifunza! Nilikuwa nauguzwa na mwanangu aliyegawanywa vipande vipande, kila kipande kina sura nyingine. Nililala pale nikijiona tajiri.

Siku ya mtihani mtahini akaja kutoka nje ya chuo, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, mpole tu. Alipita vitandani kutafuta mgonjwa. Wengine walikuwa hoi, wengine walikataa mwanafunzi atahiniwe juu ya miili yao. Akafika kwangu. Nilikuwa na sindano ya saa ile na kidonda cha kusafishwa, mtihani mzima umekaa juu ya kitanda kimoja.

Binti yangu akakohoa. "Samahani. Huyu ni mama yangu, na mwanafunzi anamfahamu. Ningeomba tutafute mwingine."

"Wewe hutoi alama," mtahini akasema. "Mimi ndiye natoa. Mgonjwa mwenyewe anasemaje?"

Mgonjwa mwenyewe! Niliona bahati imekuja na miguu yake mpaka kitandani. Nani atamtuliza yule mtoto kama mimi? "Mimi nimekubali," nikasema, "tena kwa mikono miwili."

Binti yangu alinitazama, nikamkonyeza. Hakukonyeza.

"Sawa, Mama," mtahini akaniambia. "Ila leo wewe ni mgonjwa tu. Akikuuliza, jibu. Asipokuuliza, nyamaza. Ukimsaidia, nitaufuta mtihani wake."

"Nitakuwa kama Mzee wa plastiki," nikamwambia. Hakujua ninamsema nani.

Pole akaingia na trei. Haikulia hata kidogo. Aliponiona ni mimi, mabega yalimshuka, uso ukafunguka. Akanawa mikono vizuri, mpaka katikati ya vidole. Akavuta pazia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Pole Bibi. Nimekuja kukupa sindano yako, halafu nisafishe kidonda. Unakubali?"

"Nakubali."

Nikangoja. Akasoma faili, akasoma kichupa cha dawa, akavilinganisha, akatazama tarehe. Yote barabara. Akavuta dawa kwenye bomba, akatoa hewa, na mkono umetulia. Nami nangoja. Niulize, mtoto. Niulize tu, leo sina utani, nitakupa jina langu lote, na la baba, na la babu.

Hakuuliza. Akaushika ule mpira wa kupitishia dawa uliotegwa kwenye mshipa wangu, akaanza kupangusa mdomo wa mpira kwa pamba.

Mdomo nimekatazwa. Nikainua mkono wa pili, ule wenye utepe, nikauweka juu ya kifua, mbele ya macho yake kabisa. Jina langu liko hapo, limeandikwa kwa wino mweusi.

Pole akauona mkono. "Unauma, Bibi? Pole." Akauchukua taratibu, akaulaza pembeni juu ya mto, na kwa vile anajua nasikia baridi, akaufunika na shuka.

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amesimama penye ufunguzi wa pazia, mikono nyuma. Kwa nilivyolala nilimwona upande: vidole vimeshikana mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Mdomo aliubana kama mtu anayemeza dawa chungu. Mtahini naye alikuwa ameinua kalamu juu, hajaandika. Nadhani hata yeye alikuwa anaomba. Watu wazima watatu pale, sote tunajua, na hakuna mwenye ruhusa ya kusema neno dogo kama jina.

Dawa ikaingia.

Kalamu ikashuka.

Kidonda alikisafisha sijapata kuona. Sikuhisi hata pale penye nyama mbichi. Bandeji ilikaa mguuni kama soksi ya dukani. Alipomaliza akaniinamia, anajifanya ananyoosha mto, akaninong'oneza, "Bibi, haikutetemeka! Umeona?"

"Nimeona," nikamwambia.

Ningemwambia nini? Akatoka na trei yake, anatembea wima.

Nilimshika mtahini upindo wa koti. "Mwanangu, nihurumie. Yule ananijua! Ananifunga bandeji tangu sijaugua. Aniulize jina la nini?"

Akakaa pembeni ya kitanda, akavua miwani. "Mama, niliweka kalamu hewani mpaka mkono ukaniuma. Umeniona?"

"Nilikuona."

"Angekuwa mgonjwa mwingine, angeuliza?"

"Angeuliza! Naapa angeuliza."

"Na mimi nadhani hivyo. Lakini sikumwona kwa mgonjwa mwingine, nimemwona kwako. Hakuna cheti cha muuguzi wa bibi mmoja, Mama. Kesho atawapenda wengine, nao atawaona anawajua."

Nikauachia upindo wa koti lake. Alikuwa na haki, na Pole alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na mguu mmoja mzima.

Binti yangu alikwenda kwa mkuu wa chuo. Alieleza kwamba mgonjwa alikuwa mama yake, kwamba mazoezi yalikuwa nyumbani kwake, kwamba kosa ni la mwalimu. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia sheria ni ileile, na kama kosa ni la mwalimu, basi mwalimu ajifunze. Jioni binti yangu akaja kitandani kwangu, akakaa, akavua viatu.

"Umemwambia yule mtoto?" nikamwuliza.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Aliniambia pole, Mama." Akafunika uso. "Mimi! Ananiambia mimi pole."

Nilitaka kumshika, lakini alikuwa upande wenye dripu, mkono haukufika.

"Uache kazi hiyo," nikasema.

"Wa mwaka wa kwanza wanaanza kesho. Nani atawaonyesha kunawa mikono?"

Alivaa viatu, akaenda.

Pole alikuja kabla hajasafiri kurudi kwao, saa ya kutazama wagonjwa. Sikumtambua kwanza, alikuwa na gauni la maua na mkoba. Akasimama nyuma ya kitanda kama mgeni asiyejua akae wapi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Kaa, mjukuu wangu. Kaa hapa karibu."

Akakaa kwenye benchi la wageni. Tulizungumza habari za basi, na mvua, na mama yake anayemngoja. Alitaka kucheka, nikataka kumchekesha, sote tukashindwa. Mimi nikajisogeza kidogo nimwone vizuri, na hapo bandeji ya mguu, ambayo ilikuwa imefungwa haraka asubuhi ile, ikafunguka, ikaanguka mpaka kwenye kifundo. Kidonda kikabaki wazi.

Mikono yake ilitoka mbio. Ilifika juu ya mguu wangu, ikasimama hewani, haitetemeki. Akaitazama. Kisha akairudisha, akaikalia.

"Nifunge tu," nikamwambia. "Nani ataona?"

Akatikisa kichwa. "Hairuhusiwi, Bibi. Mimi ni mgeni." Akainuka, akajifuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Ngoja nikamwite muuguzi."

Akaenda mpaka penye meza yao. Kulikuwa na ndugu wa wagonjwa wengine wamepanga foleni, kila mmoja na shida yake, na muuguzi alikuwa peke yake. Pole akasimama nyuma yao, mkoba ameukumbatia, akingoja zamu yake, nami nikalala na mguu wangu nje, namtazama.