Mkwe Aliyeketi kwenye Maji

Mimi na mkwe wangu Michée hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa na heshima, na heshima ya buko, yaani ya ukwe, kwetu ni kazi ya kutwa nzima. Mkwe hamtazami usoni mama wa mke wake. Hali chakula pamoja naye. Hampi mkono. Akimkuta njiani anapita pembeni, na akiwa na neno la kumwambia analipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wako chumba kimoja. Mimi ni mtoto wa Kabalo, baba yangu alikuwa mtu wa reli. Michée ni mtoto wa Kasai. Watu wa pande hizi mbili wanaweza kubishana juu ya kila kitu hapa Lubumbashi, lakini juu ya buko hawajawahi kuhitaji mkutano.

Tangu mume wangu afariki naishi kwao, mtaa wa Katuba, na mjukuu wangu Abigaël ndiye aliyekuwa mdomo wetu. "Abi, ambia baba yako mvula inaingia ku dirisha." Baba yake amesimama pale pale, anatazama dari. Mtoto alirudia kila sentensi ya nyumba ile mara mbili, mpaka siku moja akachoka, akasema, "Bote mulisikia," akaenda zake kucheza. Nilimkaripia, kisha nikacheka chumbani peke yangu.

Nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote, ndiyo maana nikishika kalamu naandika Kiswahili cha kitabu, ingawa nikifungua mdomo nasema kama watu wa hapa. Siku hizi mimi ni katekista wa shirika letu, yaani wakristo wa mtaa tunaosali pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na Adventi ile nilikuwa nafundisha fumbo la Umwilisho: Mungu kufanyika mtu.

Nilikuwa na maelezo yangu, na niliyapenda. Niliwaambia akina mama kwamba ni kama mfalme anayetembelea kijiji. Anashuka kwenye kiti chake, anasalimia watu, anaonja chakula chao, kisha anarudi kwake, na kijiji kinabaki na heshima ya kutembelewa. Jirani yangu Syntiche, fundi wa kushona, msichana mwenye maswali kuliko sindano, alinyanyua mkono.

"Mama Laurentine, mufalme akikuya, shiye njo tunafagia barabara. Ye anateseka na nini?"

Yaani sisi ndio tunaohangaika, si mfalme. Nikamwambia tufunge kwa sala. Nilikuwa nimeudhika, na sala ilikuwa fupi.

Siku chache baadaye nilianguka bafuni.

Bafu letu liko uani, ukuta wa matofali, mlango wa bati wenye ndoano kwa ndani. Binti yangu Clotilde alikuwa amekwenda Kasumbalesa, mpakani, kununua bidhaa. Abi alikuwa shuleni. Michée, ambaye anafanya kazi kwenye mizigo ya ndege kule Luano, alikuwa hajarudi kutoka zamu yake. Niliteleza kwenye sabuni, nikasikia nyonga ikilia, nikajikuta chini kwenye saruji, mguu umeelekea upande usio wake, na bomba bado linamwaga. Kitenge changu kilikuwa kwenye msumari, juu, mahali ambapo siku hiyo palikuwa mbali kama Kabalo.

Nilikuwa na sauti. Ningeweza kupiga kelele. Lakini mara nikasikia lango linafunguliwa, nikazitambua zile hatua nzito, nikafunga mdomo. Kwetu, uchi wa mama mkwe ni jambo ambalo hata mlevi akitukana halifikii. Nilijiambia: ataingia ndani, atalala, Clotilde atarudi. Niliona afadhali nife kwa baridi kuliko kuonwa na mwanaume yule.

Naye, maskini, alisikia maji yakimwagika, akajua mama mkwe anaoga. Mlango wa nyumba uko karibu na bafu. Mtu mwenye adabu hapiti hapo. Kwa hiyo akaenda mwisho wa ua, akaketi kwenye kigoda, akageuzia bafu mgongo, akangoja nimalize. Mimi ndani sikuita kwa heshima, yeye nje hakuja kwa heshima, na maji yalizidi kutiririka. Kama heshima ingekuwa inaunga mifupa, ningetoka mle ndani nikicheza.

Maji yalipopita chini ya mlango na kufika uani, nilimsikia anasimama. Akakohoa. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kupitishia neno, basi akamgeukia kuku.

"We kuku, ambia mama mayi inatoka mupaka inje."

Nikajifunga mdomo kwa kiganja.

"Kuku, uliza mama kama eko muzima."

Meno yangu yalikuwa yanagongana kiasi kwamba sikuweza kuyazuia. Nafikiri ndiyo aliyoyasikia. Akakimbia hadi kwa Syntiche, nikasikia akigonga, akaita kwa jirani wa upande wa pili, akarudi peke yake anahema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, sauti yake ikaja moja kwa moja kwangu.

"Mama. Minaingia."

"Usiingie," nikasema. Na hilo pia lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

Akapitisha kisu kwenye ufa, akainua ndoano, akaingia. Alikitoa kitenge msumarini, akanifunika, akafunga bomba. Alifanya hayo kwa utaratibu, kama mtu anayewasha taa kanisani. Kisha akanyoosha mikono aninyanyue, na mimi nikamkemea kama mtoto wa darasa la pili.

"Usiniguse. Uende uite bamama."

"Bamama haiko, mama. Bote beko ku soko."

"Basi tungojee."

Nilimaanisha kwamba atoke nje angoje. Mtu yeyote angeelewa hivyo. Alinitazama mguu, akautazama mlango. Halafu Michée, mwanaume mkubwa vile, na suruali yake ya kazi na kizibao chake cha njano cha uwanja wa ndege, akaketi chini. Aliketi kwenye maji ya sabuni, kwenye uchafu wangu, akaegemea ukuta ule ule nilioegemea, akakunja magoti kwa sababu bafu ni dogo.

"Sawa," akasema. "Tutangojea. Mais miye nitangojea hapa."

Aliisema ile mais, yaani lakini, kwa upole. Saruji ile ina baridi ya kaburi wakati wa mvua. Baada ya muda nikasikia mtu wa pili anatetemeka, nikashangaa, maana nilikuwa nimezoea kutetemeka kwangu mwenyewe. Alikuwa yeye. Hakunisihi, hakunihubiria, hakunihesabia hatari. Alikuwa tu mle ndani na mimi, ameloa kama mimi, anapata baridi niliyokuwa naipata, na alikuwa na miguu mizima ya kumtoa nje wakati wowote.

Nikanyanyua mikono yangu miwili.

Alinibeba mpaka barabarani, akasimamisha taksi, akamfokea dereva aliyelalamikia kiti chake kulowa.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika. Walinifunga uzito mguuni, nikalazwa chali, na mtu aliyelazwa chali hana cha kufanya ila kutazama juu. Ndipo fumbo lile la Adventi likanijia, si wakati wa kuanguka, wakati wa kuanguka nilifikiria kitenge tu. Lilinijia mchana, wagonjwa wengine wakila, mhudumu akipiga deki.

Niliona kwamba nilikuwa nimeyasema maneno ya imani miaka mingi kama mtu anayesoma jina la barabara anayopita kila siku. Mungu alifanyika mtu. Basi aliyeumba maji aliloweshwa nayo. Aliyeumba mifupa alikuwa na mifupa yake, midogo, ya mtoto mchanga, inayoweza kuvunjika ukimshika vibaya. Kuna mwanamke aliyemfuta pua. Kuna usiku alitetemeka kwa baridi, na baridi ile ilikuwa baridi kweli, si mchezo wa kuigiza. Na alikuwa na uwezo wa kutuita kutoka nje ya mlango.

Niliogopa. Sisemi hofu ya adhabu, hiyo naijua tangu shule ya masista. Ilikuwa hofu ya kugundua kwamba katika chumba ulichodhani uko peke yako kuna mtu, na amekuwepo muda mrefu, na amekuja kwa sababu yako. Nilimwita mhudumu, alipokuja nikaomba maji ya kunywa.

Akina mama wa shirika walipokuja kunitazama niliwaambia kwamba somo langu la mfalme walitupe. Hakututembelea, niliwaambia. Aliketi chini. Syntiche alikuwa akinipangia mto, akaacha mikono yake pale pale kwenye mto, naye hakuuliza swali.

Nilirudi nyumbani nikiwa siwezi bado kusimama, Noeli ikiwa imekaribia. Siku ya pili yake akaja mdogo wangu Godefroid, ambaye ni mkubwa wa ukoo kwa sababu ni mwanaume na kwa sababu anapenda kuwa mkubwa. Uani kulikuwa na mbuzi mweupe amefungwa karibu na bafu. Michée ndiye aliyekuwa amemnunua. Yeye mwenyewe alikwenda kwa Godefroid, akaeleza yote, wala hakungoja kuitwa.

Godefroid akaketi karibu na kitanda changu akanieleza, ingawa nilijua. Mkwe anatoa mbuzi. Mkubwa wa ukoo ananyunyiza maji mbele yake na mbele yangu. Kisha mimi natamka kwamba hakuna aliyeona na hakuna aliyegusa. Basi, imefutika. Kila mmoja anarudi mahali pake, mtoto anapitisha maneno tena, na nyumba inakuwa kama zamani.

"Yaya, ni maneno kidogo tu," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Useme, halafu tukule nyama."

Nilifungua mdomo niseme. Nasema kweli, nilikuwa tayari. Mimi si mtu wa kuvunja desturi, na Michée alikuwa amesimama kizingitini, macho chini, amenyoa, amevaa shati jeupe, mwanaume mzima anangoja kufutwa. Abi alikuwa mbele yake, tayari kwa kazi yake ya zamani.

Hakuna aliyegusa. Neno hilo sikulitamka.

Kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kulifundisha vizuri, ingawa liko katika sala ninayoisali kila Dominika. Alipopaa mbinguni hakuuacha mwili mlangoni kama mtu anavyoacha viatu vyenye matope. Alikwenda nao. Anao mpaka leo, na alama za misumari mikononi. Hapajakuwa na mbuzi wa kufuta ule ukaribu. Mungu hakurudi mahali pake pa zamani, na sisi hatukurudishwa petu. Nilikaa kitandani na wazo hilo, nikashika shuka kwa mikono miwili mpaka Godefroid akadhani nasikia maumivu.

"Alinigusa," nikasema.

"Yaya."

"Alinigusa, Godefroid. Kama hangenigusa, leo ungekuwa unakula bukari ya kilio hapa." Yaani ugali wa msiba wangu.

"Mais ni coutume," akasema, yaani desturi.

"Minaheshimia coutume. Mbuzi tutakula, tena siku ya fête ya Noeli, na weye utakula wa kwanza. Mais ile neno siwezi kusema. Nitasema bongo mbele ya Mungu?"

Godefroid aliujua uzito wa neno bongo, yaani uongo. Akakuna shavu. Alisema kwamba baba yetu angekasirika, nikamwambia inawezekana. Alisema watu watazungumza, nikamwambia Katuba watu huzungumza hata ukinunua sufuria.

Ndipo Michée akasema, kwa sauti ya chini sana, akiniita kambo, yaani bibi, kama mtoto anavyoniita. "Abi, ambia kambo kama ye anapenda, miye nitarudia mahali yangu ya zamani. Haiko na shida. Sikufanya ju ya kupata kintu."

Abi akanigeukia, akavuta pumzi aanze kurudia. Nikainua mkono.

"Nilisikia," nikasema. "Michée."

Hakunyanyua kichwa.

"Kuya unibebe. Minataka kukaa inje pamoja na bantu."

Godefroid akageuza uso akatazama dirisha. Michée alibaki kizingitini, na nikaelewa kwamba safari hii ilikuwa ngumu kwake kuliko ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa ajali. Kisha akavuka. Akainama, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti yangu na mwingine mgongoni, polepole, akiuchunga mguu. Mimi nikamshika shingo.

Siku ile bafuni nilikuwa nimetazama ukuta. Sasa nikamtazama yeye. Alikuwa na kovu dogo kwenye kidevu. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kuwa na mvi, na macho yake yalikuwa ya kahawia iliyofifia, yamejaa maozi, kama tunavyosema hapa, yaani machozi. Miaka yote hii binti yangu ameamka kando ya uso huu, mjukuu wangu ameupata uso huu, na mimi niliyekula chini ya paa lake nilikuwa siujui.

"Mama, inauma?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Usimame kidogo. Niache nikuangalie."