Simu Iliyokwenda na Majani

Nilipofungua akaunti ya uwekezaji sikuwa na laini yangu ya simu, nikaandikisha laini ya Kogo, nyanya yangu. Kwa miaka mitatu nimeweka humo pesa ya kuchuma majani chai, na nyingine nimeweka kwa sacco. Kogo alijua. Baba mdogo Kipkosgei hakujua. Yeye akisikia una pesa, shida zake huanza siku hiyo.

Mwezi huu Mama Kipyegon, jirani yetu hapa Boito, alikuwa anakodisha mistari sita ya majani chai.

"Nionyeshe pesa iko," aliniambia. "Jumatano, saa kumi. La sivyo nampa Phelix, naye anaitaka."

Molly wa sacco akaniwekea apu ya kupanga pesa kwenye simu yangu. Alisema nikiunganisha akaunti zote mbili, jumla itaonekana mahali pamoja.

Jumatano saa tisa na nusu nilianza. Ya sacco iliingia vizuri. Ya uwekezaji ikaniandikia: nambari ya siri imetumwa kwa laini iliyoandikishwa, una dakika kumi. Nikakimbia jikoni.

"Kogo, simu yako iko wapi?"

"Si imeenda na majani?"

Majani yakipimwa senta, kituo cha kuuzia majani, ujumbe wa kilo huingia kwa simu ya mkulima, yaani Kogo, na sisi huusoma hapo hapo kabla karani hajaondoka. Kila siku naibeba mimi. Siku hiyo, kwa sababu ya apu, nilimwachia Baba mdogo gunia, nikasahau kwamba simu hufuata gunia.

Nilikimbia kwenye matope mpaka senta. Baba mdogo aliniona kutoka mbali.

"Chepkurui! Nangoja kilo, naletewa uwekezaji! Hii akaunti ni ya nani?"

Watu wakacheka. "Tajiri amefika," mwanamke mmoja akasema. "Leo tunakunywa soda."

Mimi huwa siongei penye watu. Hata kanisani nikiitwa kusoma, hujificha nyuma ya Kogo. Zilibaki dakika tatu.

"Baba mdogo, nipe simu."

"Sema kwanza ni ngapi. Unajua paa langu linavuja."

Ningesema ni ya Kogo, angeenda kwake, na Kogo hawezi kumnyima mwanawe kitu.

"Ni yangu," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nimechuma mwenyewe. Sikwambii ni ngapi, na haiendi kwa paa."

Karani akasema, "Mzee, mpe msichana simu, tupime."

"Kumbe una mdomo," Baba mdogo akasema, akaiweka juu ya gunia.

Niliandika nambari kwenye simu yangu, nikakosea tarakimu moja, nikafuta, nikaandika tena. Kioo kilikaa kitupu. Halafu akaunti zote mbili zikatokea, na jumla chini yake. Nikaifunika kwa kiganja, nikaenda kwa Mama Kipyegon.

Mama Kipyegon alihesabu sifuri kwa kidole.

"Keti, tuandikiane. Shahidi wako ni nani?"

Baba mdogo alikuwa amenifuata. Alisimama mlangoni akipangusa matope kwenye viatu, ameshafungua mdomo aanze habari ya paa. Akitia sahihi yeye mwenyewe, hataweza kusema pesa hii bado ipo.

"Ni huyo," nilisema. "Mpe kalamu."