Mwezi Ujao Itashuka

Mume wangu Anouar hajawahi kupunjwa na mfanyabiashara yeyote, kwa sababu hajawahi kununua kitu. Huwa anasubiri bei ishuke. Redio yetu ni ya marehemu baba yake. Kitanda nilikuja nacho mimi. Majirani zetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, wananiambia nimepata mume mwenye akili, nami nawajibu ndiyo, akili anayo tele, na anaitunza isije ikachakaa.

Tulikuwa na studio ndogo ya video za harusi. Yeye alikwenda harusini na kamera, akala wali, akarudi. Mimi nilikaa dukani nikiwaeleza wateja kwa nini video yao haijatoka. Kati ya kazi hizo mbili, msiniulize ipi ilikuwa na jasho.

Ilikuwa mwaka 2002. Vita vilikuwa milimani, na sisi huku chini tulikuwa tunaoana kwa pupa, utadhani wachumba wametangazwa kwamba wanakwisha sokoni. Harusi zilianza asubuhi ili wageni wawahi kurudi kwao kabla ya saa za kutotembea. Na kila bibi harusi alitaka moyo. Namaanisha ule moyo mwekundu unaozunguka mwanzoni mwa video, ndani yake nyuso za bwana na bibi, huku waridi zikidondoka kutoka juu. Mtu mmoja alileta kanda ya namna hiyo kutoka Ulaya, na tangu siku hiyo ndoa isiyokuwa na moyo wa kuzunguka ilionekana Bujumbura kuwa haijafungwa sawasawa.

Kompyuta yetu ilijua kuuzungusha, siwezi kuisingizia. Ila ilibidi ipike, ndivyo tulivyosema dukani, na kupika kwake kulichukua mchana kutwa na usiku kucha. Umeme nao ulikuwa na ratiba yake. Moyo ukifika nusu, umeme unaondoka, na kazi yote inaanza upya. Kwa hiyo video hazikutoka. Kaseti mbichi zilijaa kwenye katoni chini ya meza, na watu walishapata watoto kabla hawajaiona harusi yao.

Dawa ilikuwepo. Kilikuwa kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili picha zitembee haraka, wenyewe wanakiita kadi ya grafiki, na huku kwetu karte. Binamu yake Idi, aliyekuwa akienda Dubai na kurudi na vitambaa, simu na chochote kinachoingia sandukuni, alisema atatuletea. Anouar akaenda mjini kwenye duka la intaneti kuangalia bei. Alirudi anang'aa uso.

"Mwantum, we sikia. Hii karte mwezi ule ulipita ilikuwa bei ya ng'ombe. Leo iko bei ya mbuzi. Sasa mi nikingojea kidogo tu?"

"Itakuwa bei ya kuku," nikasema.

"Umeona!"

Basi hapo nikampoteza mume wangu. Kila Ijumaa, baada ya sala, alikwenda kuitazama kadi yake ikishuka. Alirudi kuniarifu kwamba wametoa nyingine mpya, kwa hiyo ile ya zamani itaanguka. Ikianguka, akasema ile mpya nayo itaanguka, tuingojee hiyo. Nikamweleza kwamba bei inashuka kwa dola, na franga yetu inashuka nayo, tena inakimbia mbele. Kuku wa Dubai akifika Bujumbura anauzwa bei ya ng'ombe. Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama asiyesoma.

Sikumlaumu peke yake. Wakubwa waliokuwa wakijadili amani kwenye mahoteli ya nchi za watu walikuwa na ugonjwa huohuo. Kila upande uliamini kwamba ukivuta mwezi mmoja zaidi, mwenzake atashusha bei. Sisi tulikuwa chini ya meza pamoja na kaseti.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwepo Sylvère, mwalimu wa hesabu wa Gasenyi, aliyemuoa Odette mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa mrefu, mpole, na mwenye kicheko kinachoanzia mabegani. Wateja wengine walikuja kunigombeza. Yeye alikuja kunitania.

"Madame Mwantum, moyo yangu imeanza kuzunguka?"

"Bado, mwalimu. Tuko tunangojea bei."

"Basi mungojee. Lakini mukichelewa sana, mutoto wangu ndiye atakuja kuichukua."

Alikuja hivyo mara kadhaa. Kisha hakuja tena. Basi alilopanda kwenda kuwaona wakwe zake lilivamiwa barabarani.

Aliyekuja baada yake ni mama yake, Daphrose. Mama mfupi, aliyenyolewa nywele za msiba, na mkoba ameushika kwa mikono miwili. Odette alikuwa amesharudi kwao. Mama alikaa kwenye benchi yetu, akaniamkia, akaniuliza habari za watoto, na ndipo akasema alichokijia, akiniita mwanangu kwa Kirundi.

"Mwana wanje, kiangazi chenye kinakuja tunaganduka. Tunavua msiba ya Sylvère. Ndugu wote watakuja. Mi nataka ile video yake ya harusi."

"Mama, pole sana. Bado haijapikwa."

"Picha zake za kusimama niko nazo. Nyumba imejaa. Ya kutembea sina. Mi nataka nimuone anatembea, nisikie na sauti."

Nilikwenda nyuma kwa Anouar nikamwambia ampe kaseti mbichi, vilevile ilivyo, aende nayo. Akasimama, akavuta shati lake chini.

"Picha mbichi haitoki hapa. Mi ni fundi, si muuza nyama. Mutu akiona kamera inacheza-cheza, atasema nani amepiga? Atasema Anouar. Idi amesema mwezi ujao itashuka, inshallah. Mama atapata kitu safi, na moyo na waridi."

"Mtoto wake amekufa, Baba Soumaya. Waridi za nini?"

"Ndiyo sababu. Inafaa iwe ya heshima."

Heshima ile ilimrudisha mama Daphrose nyumbani mikono mitupu. Alirudi mwezi uliofuata, bei ikawa imeshuka lakini haijashuka ya kutosha. Alirudi tena. Ni mwendo kutoka Gasenyi, na siku nyingine njia zilifungwa kwa ajili ya risasi, akafika ameloa jasho na kukaa kwenye benchi. Nilikuwa na hasira hata chakula kilinishinda. Ningeweza kuvumilia kuwadanganya maharusi, maana maharusi wana kesho. Yule mama alikuwa na siku moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa inakuja.

Siku Idi alipopita kuaga akienda Dubai, nilimfuata hadi nje. Nikavua bangili zangu za harusi nikamtia mkononi.

"Shemeji, leta karte."

"Na Anouar?"

"Anouar yuko anangojea. We leta."

Idi alirudi siku chache kabla ya kuganduka. Alipoitoa ile kadi kwenye soksi zake, Anouar aliikodolea macho, akanikodolea na mimi, akaona mikono yangu iko wazi.

"Umenunua? Mwantum! Wiki mbili tena! Wiki mbili tu ingeanguka!"

"Ichomeke," nikasema.

Akaichomeka huku analalamika. Na wallahi, kitu kilikuwa kizuri. Moyo tuliokuwa tunaungojea mwaka mzima ulizunguka kabla chai yangu haijapoa. Anouar akasahau wiki mbili zake. Akaufanya uzunguke kushoto, akaufanya uzunguke kulia, akaita majirani.

Siku iliyofuata, asubuhi, mama Daphrose alikuwa kwenye benchi yetu kabla hatujafungua mlango. Nilimwingiza ndani nikampa kiti mbele ya skrini. Nilitaka awe wa kwanza kuiona, hata kabla ya moyo na waridi. Anouar akatafuta kwenye katoni, akapata kaseti mbili zilizoandikwa Sylvère na Odette, akaweka ya kwanza.

Akatokea bibi harusi. Hakuwa Odette. Alikuwa Chanelle, binti wa watu wa Kigobe, mtaa wa matajiri, aliyeolewa na Hugues mwezi wa kumi na mbili, na keki yake ilikuwa ya ghorofa. Mama aliangalia kwa adabu, kama mtu aliyealikwa harusi ya wengine.

"Huyu si wangu," akasema taratibu.

"Subiri, mama," akasema Anouar. Akaipeleka mbele. Chanelle. Mbele zaidi. Chanelle anakata keki, Chanelle anamlisha mama mkwe. Akatoa kaseti, akaweka ya pili. Hugues anacheza.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amegeuka rangi.

"Kaseti mupya zilikuwa ghali," akasema, bila kunitazama. "Nazo zilikuwa zinashuka. Mi nikasema nisinunue kwanza. Nikachukua humu kwenye katoni za wale wanachelewa kuja, nikapigia harusi zingine juu yake."

Wanaochelewa kuja! Mtu amekufa barabarani, na katika hesabu za mume wangu alikuwa amechelewa kuja. Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulishainuka, na kilichouzuia ni mama Daphrose, ambaye hakuwa ametuelewa bado na alikuwa anaendelea kuangalia wageni wa Kigobe wanacheza.

Ndipo kwenye skrini muziki ukakatika. Mlio wa bunduki ukasikika kutoka mlimani, kisha mwingine karibu zaidi. Wageni wa Kigobe wakainua magauni na kukimbia, Hugues mbele ya mkewe, keki ikabaki peke yake. Anouar naye alikimbia siku ile, kwa hiyo kamera ikaonyesha viatu vyake, ikaonyesha majani, ikazimika. Harusi ya Chanelle iliishia hapo. Kaseti ilikuwa bado ina nafasi.

Skrini ikawa nyeusi kidogo, na akatokea Sylvère.

Kilikuwa kipande cha mwisho cha harusi yake, kile ambacho risasi za Kigobe hazikumpa mume wangu muda wa kukifuta. Wageni walikuwa wameondoka. Anouar alikuwa anafunga nyaya zake na aliisahau kamera ikiwa inawaka juu ya miguu yake mitatu. Sylvère alikuwa amevua koti, anabeba viti viwiliviwili kupeleka ukutani, bwana harusi mzima. Mama Daphrose aliweka mkoba chini.

Sylvère akaja karibu, hadi uso wake ukajaa.

"Fundi, video itatoka lini?"

Na sauti ya mume wangu ikajibu kutoka nyuma ya kamera, imeshiba wali:

"Usiwe na haraka, mwalimu. Karte iko inashuka bei. Mwezi ujao itashuka kabisa, nitakuwekea moyo ya kuzunguka mpaka watu ya Kigobe watasikia wivu."

Sylvère akacheka, mabega yakaanza kwanza.

"Sawa, mi niko tu. Nitaenda wapi?"

Kwa mbali sauti ya mwanamke ikaita jina lake, aje kula. Ilikuwa sauti ya mama huyuhuyu aliyekaa mbele yetu. Sylvère akageuka, akatembea uani hadi mlangoni bila kuharakisha, akainama kidogo kwa sababu mlango ulikuwa mfupi kwake, akaingia. Kaseti ikaisha.

Nilikuwa nalia, na sijali nani anajua.

"Rudisha," akasema mama Daphrose.

Anouar akarudisha. Tukamwona tena akibeba viti. Tukasikia tena swali na jibu. Mama alipomwona anainama mlangoni, aliinama naye kidogo kwenye kiti. Akataka irudishwe tena, na tena, na Anouar alirudisha kila mara, na kila mara ilibidi asikie sauti yake mwenyewe.

Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mama, nisamehe. Nitakutengenezea sasa hivi, sitaki hata franga moja. Nitaweka moyo. Na ile sauti yangu nitaitoa, nitaweka muziki pale."

"Apana," akasema mama. "Usiweke kitu."

"Basi sauti tu. Nitoe yangu, ibaki ya Sylvère."

"Sauti yako uache." Hakusema kwa hasira. "Ukiitoa, mwana wanje atakuwa anaongea na nani?"

Siku ya kuganduka tulikwenda Gasenyi wote wawili. Walikuwa wamefunga turubai la shitingi uani, uani palepale, na televisheni imewekwa juu ya meza kando ya mlango ule mfupi. Baada ya hotuba, mama akaomba kanda iwekwe. Ukoo mzima ulimwona Sylvère akitembea, na ukoo mzima ulimsikia fundi akimwahidi mwezi ujao. Walipofika kwenye "nitaenda wapi", wazee waliangalia chini. Mtu mmoja nyuma yetu akauliza kwa sauti ndogo huyo fundi ni nani. Anouar alikuwa na chupa ya Fanta mkononi, haijafunguliwa. Akasimama mbele ya watu wote akasema, "Ni mimi." Kisha akakaa. Nampa haki yake kwa hilo.

Wiki mbili baadaye bei ya kadi ilianguka kweli, tena vibaya. Idi alipita dukani kutuletea habari hiyo, anacheka. Anouar alikuwa anafungua pakiti ya kaseti mpya. Hakumuuliza imeanguka mpaka wapi.