Mjomba, Mpwa na Muswada wa Ubia

Wakili aliingia chumba cha kamati ya bunge akiwa amejiandaa kumgaragaza mtoto wa dada yake mwenyewe, na jambo hilo lilimkosesha raha tangu alipokuwa akifunga tai.

Binti huyo, ambaye ukoo mzima ulimwita Nukta kwa udogo wa umbo, alikuwa mwandishi wa sheria wizarani. Ndiye aliyeuandika muswada wa ubia, ule wa kuziruhusu kampuni binafsi kujenga madaraja na barabara za umma kwa fedha zao, zijilipe kwa tozo, kisha siku moja zikabidhi kila kitu kwa serikali. Wakili naye aliwatetea wawekezaji waliotaka kujenga daraja kubwa. Kifungu kimoja kiliwakera: kile kilichosema kwamba palipo na kivuko cha zamani, kivuko kibaki, ili asiyeweza kulipa tozo apate pa kupita.

Nukta alisimama kwanza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wakili wa wawekezaji ni mjomba wangu, kaka yake mama. Kamati ikiona nisimjibu, mwenzangu atajibu."

Mwenyekiti, mama wa makamo aliyekuwa akijipepea kwa nakala ya muswada, alicheka. "Jibu tu. Akikuonea, tutamsemea kwa mama yako."

Wakili hakumwonea haya mpwa wake. "Kuweka kivuko cha bure kando ya daraja la kulipia," alisema, "ni kama kumwekea mwenye duka mshindani mlangoni anayegawa bidhaa bure. Nani atatia fedha zake hapo?"

Wabunge kadhaa wakaitikia kwa vichwa. Nukta akavuta kipaza sauti, kilichokuwa kimemzidi kimo.

"Kivuko hakipakii malori, na wateja wa mjomba... samahani, wa wakili, wanategemea malori. Mama anayevuka kwa miguu kwenda kliniki, mtoto mgongoni, hata hawamhesabu. Sasa tumfungie njia ya nini?"

Watu wakaangua kicheko. Wakili alikuna kidevu. Amenipata, alijisemea.

Hapo mkurugenzi wa wizara, bosi wake Nukta, aliyeketi naye bega kwa bega, akaomba nafasi. Wizara ilitaka kifungu kingine kifutwe: kile kilichosema serikali ikichelewa kukabidhi ardhi ya ujenzi, hasara iwe yake. "Kinatufunga mikono," alisema.

Wakili alishtuka. Kifungu hicho kiliwafaa mno wateja wake, nao wasingethubutu kukiomba wenyewe. Akamtazama mpwa wake. Ili kumridhisha bosi, alichotakiwa kufanya binti ni kunyamaza tu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Nukta alisema, "naomba kutokubaliana na mkurugenzi wangu."

Mkurugenzi akamkodolea macho.

"Tukichelewesha ardhi, mitambo ya mjenzi itakaa bure, na hasara hiyo ataichomeka kwenye tozo bila kutuambia. Atakayelipa ni mvukaji. Wawekezaji nimewabana kwenye kivuko kwa ajili ya mvukaji. Kwa ajili yake huyo huyo, naibana na wizara yetu."

Akakaa. Wenye ndimi kali Wakili alikutana nao kila siku mahakamani; wa kuupinga upande wake mwenyewe, bosi yuko ubavuni, hakumkumbuka hata mmoja. Aliinama akamnong'oneza mteja wake, na mteja akaafiki.

"Kifungu cha ardhi kikibaki," Wakili alisimama kusema, "wateja wangu wanaridhia kivuko nacho kibaki."

Kamati ikavipitisha vyote viwili.

Nje, kwenye korido, mkurugenzi aliwapita bila salamu.

"Atakununia huyo," Wakili alisema.

"Ameshaninunia, mjomba. Lakini kesho nampelekea rasimu ya kanuni, atasema nami apende asipende."

"Mwanangu, ningekuwa mimi pale, ningenyamaza."

"Usiseme hivyo, mjomba."

"Nasema kweli tupu."

Nukta akachezea mkanda wa mkoba wake uliofura mafaili. Wakili akamvua mkoba huo begani, akajitwika, akaanza kushuka ngazi.

"Mjomba, lete bwana! Watu wanatuangalia!"

"Waache waangalie," alisema, na hakuupunguza mwendo.