Kibao Shingoni

Mwezi wa Juni kule Fridley, Marekani, kuna miti inayomwaga pamba. Ni mbegu zake tu, lakini zinaelea mchana kutwa, zinaingia dirishani, zinatua juu ya chai na juu ya nywele za watoto. Juni ile ya mwaka wa tisini na sita ilinikuta nimekaa katikati ya vitabu viwili, sijui nichague kipi, na kichwa changu nacho kinaelea vilevile.

Nilikuwa nimeamua kuwasomesha wanangu nyumbani. Valentina alikuwa na miaka saba, Alfred mitano. Kanisani kwetu kulikuwa na akina mama Wamarekani waliofanya hivyo, na mmoja wao, Lois, aliniazima mitaala miwili ya lugha niijaribu mpaka Jumapili. Wa kwanza ulikuwa wa sauti: mtoto anakariri herufi mpaka zimtoke puani. Wa pili ulikuwa wa masimulizi. Mama anasoma hadithi, mtoto anaisimulia upya kwa maneno yake mwenyewe, mama anayaandika bila kugusa hata moja, kisha mtoto anajifunza kusoma kutokana na yale aliyoyasema yeye. Moyo wangu ulikuwa kwa huo wa pili, masimulizi yake yawe ya Kiswahili. Shida ni kwamba Valentina hakuwa akinisimulia kitu.

Si kwamba alikuwa bubu. Na Kiswahili alikisikia chote, hata ukimsengenya jikoni alijua. Mimi ni Mkisii, baba yake, Wanjala, ni Mbukusu, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyotongozana nayo. Lakini ukimwuliza kitu kwa Kiswahili, Valentina anakujibu kwa Kiingereza cha katuni, kisha anaenda zake. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba namlea mtu ambaye tutaelewana nusu nusu mpaka nizikwe.

"Mama Vale, hiyo si kazi ya kitabu," Wanjala akaniambia akivua viatu vya kiwandani. "Kwani sisi Kiingereza tulikijuaje? Si kibao?"

Nilicheka. Waliosoma shule zetu kule nyumbani wanakijua. Ukisikika unaongea lugha ya nyumbani kwenu, unavalishwa kibao shingoni, unatembea nacho hadi umnase mwenzako akiongea lugha yake, umvalishe yeye. Jioni aliyebaki nacho anachapwa. Sasa Wanjala alitaka tukigeuze: kwetu atakayeongea Kiingereza ndiye atakayevaa.

"Na viboko?" nikamwuliza.

"Aka! Viboko vya nini? Kuvaa tu."

Jioni hiyohiyo akakata kipande cha mbao, akakitoboa, akapitisha kamba ya kiatu. Na mimi nilivyokuwa nimechoka kubembeleza, nikaona sawa.

Asubuhi yake, Wanjala akiwa kazini, Alfred aliamka akiomba nafaka zake za maziwa kwa Kiingereza, nikamvalisha. Wee! Alifurahi, ungedhani amepewa medali. Alizunguka nyumba nzima akijiangalia kwenye kila kioo. Valentina akaja kunilalamikia kwa Kiingereza kwamba si haki, yeye mkubwa ndiye angevaa kwanza, basi nikamhamishia yeye. Nikamweleza sheria: ukitaka kukitoa, mnase mwenzako. Akakubali kwa kichwa.

Kuanzia hapo nyumba ikanyamaza. Mwanzoni niliona raha. Pamba zilikuwa zikipita dirishani polepole, jua limelala zuliani, na watoto wangu wawili wamekaa kila mmoja pembe yake bila kelele. Nikanywa chai yangu hadi mwisho ikiwa bado moto, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nimzae Alfred. Baadaye ndipo nilipoona macho yao. Valentina alikuwa ameegemea ukuta nyuma ya kochi anamvizia mdogo wake, na Alfred amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, anatembea kwa kunyata. Alitaka maji, akanionyesha bomba kwa kidole. Kiingereza kilikuwa kimekwisha kweli nyumbani mwangu. Kiswahili hakikuwa kimekuja.

"Ebu njooni tusome," nikasema, kama mtu anayetaka kuamka.

Nikafungua kitabu cha masimulizi, ile hadithi ya kwanza, kuhusu bata aliyepotea. Nikaanza kuwasomea. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu hivi Valentina aliposimama. Akakivua kibao, akaja taratibu, akapanda juu ya kochi, akanivalisha shingoni. Hata hakutabasamu. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, si nilikuwa nasoma Kiingereza? Sheria ni sheria. Akarudi akaketi, mikono mapajani, ananitazama.

Haki ya Mungu, sikutarajia kwamba kile kibao kingekuwa kizito vile. Mbao yenyewe nyepesi, kamba ni ya kiatu cha mume wangu, lakini kilipogusa kifua changu sikuwa tena Fridley. Nilikuwa darasa la tatu, miguu ina vumbi, uwanja wote wa shule unanitazama. Kitabu kikaniteleza. Nikajikuta naongea kwa Kiswahili, hata sijui nilikuwa namwambia nani. Nikasema siku moja kalamu yangu ilivunjika, nikamwambia rafiki yangu Rahab kwa Kikisii, naye Rahab ndiye aliyekuwa na kibao. Akanivalisha, huku ananiomba msamaha kwa macho. Nikatembea nacho hadi jioni kwa sababu sikutaka kumnasa mtu. Nikachapwa mbele ya wote, nikaenda kulia chooni. Mimi na Rahab hatukuongea tena vizuri, kwa lugha yoyote.

Alfred alikuwa amekuja kujibanza kwenye goti langu. Nikasema kile ambacho kitabu kinataka mama aseme hadithi ikiisha.

"Haya, nisimulie wewe."

Valentina alikunja uso. Midomo ikacheza kidogo bila sauti. Kisha akaongea, kwa Kiswahili, akipanga neno moja baada ya jingine kama mtu anayevuka barafu.

"Mama alikuwa mdogo. Kalamu yake ilivunjika. Wakamvalisha kibao. Mama alilia." Akanyosha kidole kwenye kibao kifuani mwangu. "Halafu Mama akanivalisha mimi."

Hilo la mwisho sikuwa nimelisimulia. Nilitaka kumwambia ulikuwa mchezo tu, baba yenu ndiye aliyeuanzisha, mimi nilikuwa nimechoka. Badala yake nikachukua kalamu na karatasi, machozi yananitiririka, nikaandika yote kama alivyoyasema, na hilo la mwisho nikaliandika. Nikampa. Tukalisoma kila neno na kidole chake chini yake, mara nyingi, mpaka akaweza peke yake. Kitabu cha sauti nikakirudisha kwenye mfuko alionipa Lois.

Saa tisa na nusu Wanjala akaingia, pamba za miti zimemjaa kofiani. Valentina akamkimbilia na karatasi, akasimama katikati ya zulia, akamsomea. Baba yake alisikia Kiswahili tu. Akapiga makofi, akanigeukia meno yote nje.

"Si nilikwambia? Kibao kimefanya kazi!"

Mimi nilikuwa bado nimekivaa, hata hakuona.

"Vale," nikasema, "msomee Baba tena. Polepole."

Akarudisha kidole mwanzo, akamsomea tena. Wanjala alikuwa bado anacheka Vale alipofika kwenye kalamu. Vale alipofika mwisho, baba yake alikuwa ameshapiga magoti zuliani, ameshika mguu wa binti yake, anamwomba, kwa Kibukusu, lugha iliyowahi kumvalisha kibao, amsamehe.