Mteremko wa Bi Chokaa

Tangu timu ipande ligi kuu, Bi Chokaa alikuwa akichora mistari ya kiwanja kisichochezewa. Kila Jumamosi ambayo redio ilisema timu "iko nyumbani", alitoka asubuhi, akajaza chokaa kwenye kigari chake cha magurudumu mawili, akapigilia vigingi, akavuta kamba, akachora: mistari ya pembeni, mistari ya magoli, maboksi, duara la kati. Akimaliza ananawa mikono, anakaa kwenye ngazi za saruji na kumsubiri wifi yake aje na redio. Mbele yao kiwanja kinang'aa kwa mistari mipya, na hakuna hata kunguru wa kukikanyaga.

"Wifi, watu wakikuona hivi watasema umerogwa," wifi yake alimwambia siku moja.

"Waache waseme. Mtoto akisafiri, kitanda chake hakitandikwi?"

Wifi huyo alikuwa mke wa kocha, na kocha alikuwa mdogo wake Bi Chokaa, tumbo moja. Baba yao ndiye aliyekitunza kiwanja kile maisha yake yote. Alipofariki, watoto waligawana urithi bila ugomvi wala wakili: dada akachukua nyasi, kaka akachukua wachezaji.

Sasa wachezaji hawakuwepo, na sababu ilikuwa mteremko. Kiwanja kile kilikuwa kimeinama. Kutoka goli la juu, upande wa karakana za magari, mpaka goli la chini, upande wa mtaro, tofauti yake ilikuwa kimo cha mtu mzima na kofia yake. Kwenye madaraja ya chini hakuna aliyewahi kuuliza. Ligi kuu wao huuliza kila kitu, mpaka idadi ya vyoo. Wakasema kiwanja hakifai, timu itacheza mechi zake za nyumbani kwenye uwanja wa mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi. Nyumbani gani huko, mtu anafika shingo imepinda kwa kusinzia dirishani?

Na timu ilikuwa inafungwa. Ilifungwa mechi tisa kati ya kumi na mbili za kwanza, nyingine kwa aibu. Wachambuzi wa redioni walikuwa na sababu zao. Timu zilizopanda hazina uzoefu. Kasi ya ligi kuu ni ya watu wengine. Beki wa kati anaranda mbao wiki nzima, halafu Jumamosi anakwenda kukabana na mtu ambaye kazi yake ni kula, kulala na kukimbia. Yote hayo yalikuwa kweli, na Bi Chokaa alikuwa akiitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa na sababu yake mwenyewe, na hakuna mchambuzi aliyekuja kumuuliza. Yeye alijua kwamba timu ile haikupanda peke yake. Ilipandishwa na mteremko.

Mambo yalikuwa hivi. Timu ikishinda kura ya sarafu, inachagua kupanda kwanza. Kipindi cha kwanza inapanda taratibu, pasi fupi fupi, haina haraka ya msiba wala ya harusi. Wageni wanateremka mbio, wanapiga mashuti yanayopaa, wanajiona mabingwa. Kipindi cha pili wanageuziwa kibao. Sasa ni wao wa kupanda, na kufika dakika ya sabini miguu yao imekuwa magogo. Na kulikuwa na winga mmoja, mwembamba, anaitwa Sindano. Huyo alijifunza mpira palepale tangu utotoni. Akipanda, anausukuma mpira mbele kwa nguvu ambayo kwingine ungetoka nje, beki anauacha akijua umekwisha, kumbe mteremko unaupunguza mwendo na mpira unasimama kumngoja Sindano. Bi Chokaa aliyaona hayo mara elfu. Akisukuma pipa lake la saruji la kushindilia nyasi, mkono wake ulijua kila kipande cha kiwanja kinavuta upande gani.

Alikwenda mara moja tu kuwatazama kwenye ule uwanja wa kuazima. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mbali kabisa, wachezaji wakionekana kama punje. Wakati wa mapumziko alishuka akainama kugusa nyasi, mlinzi akamwambia, "Mama, haparuhusiwi." Yeye, kuambiwa nyasi haziruhusiwi! Sindano alipousukuma mpira wake mbele, mpira haukumngoja. Ulikwenda zake nje, na watu wachache waliokuja wakacheka. Bi Chokaa alirudi na basi la jioni akasema hatakwenda tena. Ilikuwa kama kumtembelea mwanao anayelelewa na watu, mkaongea barazani kama wageni.

Basi akabaki na redio. Lakini redio haina miguu ya watu kwenye ngazi za saruji, haina ile harufu ya nyasi zilizokanyagwa. Alitamani kelele. Alitamani hata matusi ya mafundi wa karakana, ambao zamani walikuwa wakimtukana refa mpaka anasahau filimbi mdomoni. Kuna siku alijikuta amesimama chumba cha kubadilishia nguo, ananusa misumari ya kutundikia jezi kama mjane. Akajionea aibu, akatoka.

Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, ligi ikapumzika kwa miezi miwili, na mkaguzi wa ligi akaja. Alikuwa kijana nadhifu mwenye futi ya kamba, pimamaji na viatu visivyopenda vumbi. Akaweka mpira kwenye nukta ya kati. Mpira ukatulia kidogo, kisha ukaanza safari yake polepole kuelekea mtaroni.

"Huu unakwenda wapi?" mkaguzi akauliza.

"Umezoea," Bi Chokaa akajibu. "Ukifika kule unakaa."

Mkaguzi hakucheka. Aliandika, akapima, akasema kwa adabu kwamba kiwanja kikisawazishwa kabla ligi haijarudi, timu itaruhusiwa kumalizia msimu nyumbani. Kikibaki kilivyo, itaendelea kuazima. Akaomba jibu kabla hajaondoka.

Kocha akamvuta dada yake kando, nyuma ya goli la juu.

"Dada, wewe ndiye unayekijua. Tukikisawazisha, hatutapoteza kitu?"

Bi Chokaa alimtazama mdogo wake. Alikuwa amekonda, macho mekundu ya safari. Jibu alikuwa nalo, limekaa kwenye ulimi. Alijua kwamba kwenye kiwanja sawa, timu yao ni timu kama zote, na mbovu kidogo kuliko zote. Alijua pia kwamba wakiendelea kuazima, hatawaona. Atakaa pale na redio mpaka mwisho, na wakishuka atakuwa hajawaona hata mara moja kwenye ligi kuu, hapa, kwake.

"Tutapoteza nini?" akasema. "Kilima hakifungi mabao."

Kocha akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwambia mkaguzi ndiyo.

Wiki iliyofuata trekta likaingia. Liliukwangua udongo wa juu, likaushusha chini. Mafundi wa karakana walikuja na sepetu baada ya kazi, fundi mwashi akaja na pimamaji lake mwenyewe ili asidanganywe na la mkaguzi, wanawake wakapanda nyasi kwa mistari kama wanaopanda mpunga. Watu waliimba. Bi Chokaa aliimba pia, lakini kila sepetu ilipozama goli la juu, alikosea maneno ya wimbo. Mteremko aliokuwa akiteremka kwa makalio akiwa mtoto wa miaka mitano ulikwisha kwa siku kumi na moja. Akiwa peke yake aliweka mpira kwenye nukta ya kati. Ukakaa. Aliungoja mpaka magoti yakamuuma, haukwenda popote.

Kukawa na mvua, ukaguzi, barua, mvua tena, na ruhusa ilipotoka zilibaki mechi mbili tu za msimu, zote za nyumbani. Timu ilihitaji kushinda moja ili isishuke daraja. Mji mzima ukawa unahesabu kwa vidole.

"Mcheza kwao hutunzwa!" wifi alipiga kelele siku ya mechi ya kwanza, kitambaa cha timu kichwani. Ngazi zilijaa, watu wakapanda mpaka juu ya mabati ya karakana. Wachezaji walipotoka na jezi zao, Bi Chokaa alilia waziwazi. Hakujifuta. Kwa dakika ishirini alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu azaliwe.

Kisha akaanza kuona. Wachezaji walikuwa wakicheza kiwanja ambacho hakipo tena. Kipa alipiga mpira mrefu akitegemea uteremke, ukaangukia miguuni mwa adui. Beki fundi seremala alikuwa anajiegemeza upande mmoja bila kujua. Sindano alisukuma mpira mbele, akaufuata kwa imani yote, na mpira ukamkimbia ukatoka nje. Mara ya kwanza watu wakapiga makofi ya kumtia moyo. Mara ya sita wakanyamaza. Walifungwa bao moja bila, wakiwa nyumbani, na walionekana wageni kuliko wageni.

Bi Chokaa hakula siku ile. Alimwambia wifi yake ni tumbo.

Mechi ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho wa msimu. Mama yake Sindano, ambaye miguu haimruhusu kupanda basi, aliletwa kwa kigari cha mizigo akakalishwa kwenye kiti karibu kabisa na mstari wa pembeni. Timu ilifungwa mapema, ikarudisha dakika ya hamsini kwa kichwa cha seremala, na mabati ya karakana yakataka kuporomoka kwa makelele. Sasa mabao ni moja kwa moja. Bao moja tu zaidi. Dakika ya themanini na nane Sindano akapata mpira upande wa karakana, mbele yake beki mmoja. Bi Chokaa alisimama. Akasema kwa sauti, "Usiusukume, mwanangu. Kaa nao." Sindano akausukuma, mguu ukafanya ulivyofundishwa tangu utotoni. Beki akauacha. Mpira ukavuka mstari ukatoka, taratibu kabisa, hatua mbili mbele ya kidole cha mguu wa Sindano.

Filimbi ya mwisho ikalia. Wameshuka.

Watu walitoka bila kusukumana. Wifi alikuja, akamshika Bi Chokaa bega, akaenda kutafuta chai. Kocha alibaki amekaa kwenye nyasi nyuma ya lile goli ambalo watu bado waliliita la juu. Bi Chokaa alimwendea, akakaa chini karibu naye kwa taabu.

"Mdogo wangu, nina neno. Ukitaka kunifukuza kazi, nifukuze."

"Sema."

"Siku ile uliponiuliza, nilikudanganya. Nilijua mteremko ndio unatubeba. Nilijua Sindano ataumia kuliko wote. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka niwaone. Nilikuwa nimewakumbuka mno. Basi."

Kocha alikuwa akifungua kamba za viatu. Hakunyanyua kichwa.

"Dada, mimi nimechezea hapa kabla meno ya utoto hayajaning'oka. Unadhani sikujua?"

Bi Chokaa akawaka. "Ulijua? Sasa ukaniuliza nini?"

"Nilitaka mtu mwingine aseme, ili isiwe mimi."

"Na wachezaji? Umewatoa kafara wale watoto wa watu bila wao kujua?"

"Wanajua wote. Usiku... hapana, ilikuwa alfajiri, tunarudi kufungwa manne, nikasimamisha basi njiani nikawaeleza. Nikasema, mkaguzi atakuja, tukikubali tutarudi nyumbani, lakini mteremko hatutaukuta. Tukikataa, tutabahatisha kule kule. Nikawaacha wasemezane." Akavua kiatu kimoja, akakung'uta udongo. "Sindano ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema, kocha, kama ni kushuka, tukashukie kwetu. Mama yangu hajaniona ligi kuu hata siku moja."

Bi Chokaa aligeuka. Kiwanja kilikuwa kitupu isipokuwa watu wawili. Sindano alikuwa amemwinua mama yake kutoka kitini, amemshika kwapani, wanatembea kidogo kidogo kwenye nyasi. Alikuwa akimwonyesha kwa mkono: hapa nilipokea, pale nikampita yule mrefu, ulimwona? Mama aliitikia kwa kichwa, amejaa fahari, kama mtu aliyemwona mwanawe akishinda kila kitu. Walipofika karibu, Bi Chokaa alimsikia mama akiuliza, "Sasa mtacheza tena lini?"

"Baada ya miezi mitatu, mama," Sindano alisema, machozi yamemkaukia shavuni. "Hapa hapa."